Uzi wa Mwaitu

Nau alinipigia simu Jumatano usiku, akaniuliza kama Mwaitu bado anasuka vyondo.

Swali la ajabu kutoka kwa mwanamume ambaye namba ya mke wake iko kwenye simu yake. Nikamwambia ndiyo, anasuka, si umpigie mwenyewe? Akanyamaza kidogo. Halafu akasema anahitaji uzi. Si mkonge, mkonge ni mgumu mno. Anataka ule wa sufu, mwembamba, mweusi na mwekundu, vipande mia mbili vya urefu wa kidole cha kati.

"Na uje na kamera zako."

"Uzi wa nini, Nau?"

"Wa kubandika kwa ndege."

Ndiyo, ndege. Umesoma vizuri. Baba yangu ni fundi wa jenereta na pampu za visima. Ana kibanda kikubwa cha mabati nje kidogo ya Kibwezi, Makueni, na ndani ya kibanda hicho, tangu 2012, alikuwa akijenga ndege ya viti viwili kutoka kwa michoro aliyoagiza ng'ambo. Mabawa yako chini, mwili ni alumini, ribiti sijui ni elfu ngapi. Injini ni Rotax 912 ya mtumba, nguvu farasi 80, na ili kuinunua aliuza ploti ya Mlolongo ambayo yeye na Mwaitu walikuwa wameilipia kwa miaka tisa. Alimwambia Mwaitu baada ya kuuza. Mwaitu akafunga virago, akarudi kwao Mutomo, Kitui. Hakuna aliyewahi kutumia neno kuachana. Ni vile tu kila mtu anaishi upande wake wa mto Athi.

Mwaka 2010 Wakenya walikuwa wamemwona kwenye runinga Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta kutoka Nyeri, aliyejenga ndege uani kwake na kuiwekea injini ya Toyota. Kwa hiyo Nau alipoanza, watu wa Kibwezi hawakuhangaika kumtafutia jina. Walimwita Nderitu. Wengine kwa heshima, wengine kwa kicheko. Mimi nilikuwa kundi la pili, na nitarudi hapo.

Mutomo nilifika jioni. Nilikuwa nimetunga uongo mzuri njiani, kitu kuhusu filamu ya mafundi wa mikono, lakini Mwaitu hakuningoja nimalize.

"Ni ya ile kitu?"

"Ni ya ile kitu."

Akachukua kibunda cha sufu, akaketi karibu na taa, akaanza kukata mwenyewe. Alipima kila kipande kwa kidole chake cha kati, akafunga fundo dogo ncha moja, akaweka kando. Nilijitolea kusaidia, akaniambia vidole vyangu ni virefu kuliko vyake, vitaharibu kipimo. Nililala, nikaamka, bado anakata. Asubuhi alinipa kiondo chenye mafungu ishirini, kila fungu vipande kumi.

"Ziko mia mbili," akasema. "Zirudi."

Hakuuliza ndege ina shida gani. Hata mimi sikuwa najua. Niliambiwa siku hiyo mchana, baada ya gari kupita Ikutha na kuvuka daraja la Athi, nikiwa nimeketi juu ya kreti ndani ya kibanda cha Nau nikinywa chai ya strungi.

Aliyenieleza ni Kapteni. Hapa nieleze jambo ambalo watu hawaamini: Nau hana leseni ya urubani. Amejenga ndege asiyoweza kuiendesha. Aliyekubali kuijaribu, baada ya karatasi za KCAA kujaza faili nzima, ni mzee mmoja mstaafu ambaye miaka yake mingi aliimaliza akipeleka miraa Somalia kutoka Wilson. Mtu wa maneno machache, viatu safi, na tabia ya kuzunguka ndege mara mbili kabla ya kuigusa. Alikuwa ameirusha mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili hakupunguza kasi sana, yote yakaenda poa. Mara ya tatu, akiwa juu kabisa, alianza kuipunguza taratibu kuona inavyojibu, na ilipofika kilomita 95 kwa saa usukani ukaanza kutetemeka mkononi. Mkia ulikuwa unatikisika.

"Umewahi kupanda boda nyuma ya trela, hapo Mombasa Road?" akaniuliza.

Nani hajawahi. Ukiwa mbali nyuma ya trela uko sawa. Ukisogea karibu, hewa inakuwa wazimu: inakuvuta, inakusukuma, shati linapiga makofi, na mwendesha boda anashika usukani kwa mikono miwili akimtaja Yesu. Hewa ile imevunjwa na trela, haijui tena inaenda wapi.

"Sasa mkia wa ndege ni boda," akasema Kapteni. "Bawa ni trela. Kitu fulani kwa bawa kinavunja hewa mapema. Sijui ni wapi. Na sirudi juu kujaribu kutua polepole hadi nijue."

Shida si kutikisika tu. Bawa hufanya kazi kwa sababu hewa ya juu yake inafuata mgongo wake, inaushikilia hadi ukingo wa nyuma. Ukipunguza kasi, inabidi uinue pua ili bawa liendelee kubeba uzito. Pembe ikizidi, hewa inashindwa kupinda kiasi hicho, inabanduka, na bawa linaacha kubeba. Marubani huita stoli. Kwa hesabu za Nau, ndege yake ilipaswa kufika hapo kwenye kilomita 72 kwa saa. Marubani nao hukaribia kutua kwa kasi ya takriban mara 1.3 ya hiyo, ili wawe na akiba. Piga hesabu: ni kama 94. Yaani mkia ulikuwa unaanza kuchezacheza palepale ambapo Kapteni angehitaji utulie zaidi, karibu na ardhi, bila nafasi ya kurekebisha.

Usiku ule nilisoma kwa simu hadi bando ikaisha. Nikakuta kwamba mwaka 1930, huko Meopham, Uingereza, ndege ya abiria aina ya Junkers ilivunjika hewani, watu wote sita wakafa, na wachunguzi wa Uingereza wakalaumu hewa iliyovurugwa na mabawa ikaupiga mkia. Walikuwa wataalamu, na walikuwa na viwanda. Nikazima simu. Nje, treni ya SGR ilikuwa inapita, na Nau alikuwa bado kibandani. Nilisikia redio yake.

Sasa uzi. Hewa haionekani, na hilo ndilo tatizo lote. Unaweza kukisia, unaweza kupiga hesabu, lakini ukitaka kuiona lazima uipe kitu cha kushika. Ndugu Wright walifunga kipande cha uzi mbele ya ndege yao isiyo na injini mwaka 1902 ili waone kama inaenda upande, na hadi leo marubani wa ndege zisizo na injini hubandika kipande kama hicho kwenye kioo. Kwa bawa unabandika vingi, safu kwa safu. Hewa ikiwa inafuata bawa, uzi unalala umenyooka kuelekea nyuma. Ikibanduka, uzi unainuka, unacheza, unajizungusha. Na hewa ikirudi nyuma kabisa, uzi unageuka unatazama mbele.

Tulibandika Ijumaa nzima, mimi, Nau na kijana anayejifunza kazi kwake. Sentimita kumi kati ya uzi na uzi. Nau alipima kwa rula ya mbao, akaweka alama kwa kalamu, sisi tukafuata na selotepu ya karatasi. Weusi karibu na mwili wa ndege, wekundu kuelekea ncha. Jua la Februari lilikuwa linachoma mabati, alumini ilikuwa moto kushika, na selotepu ikawa inakataa kunata kwa sababu ya jasho letu. Ikabidi tufute bawa na spiriti, tuanze upya safu mbili.

Nau aliokota uzi mmoja, akaligeuza lile fundo kwa kidole gumba.

"Amefunga zote?"

"Zote."

Hakusema kitu. Lakini niliona tangu hapo anaweka selotepu mbele kidogo ya fundo, kwa uangalifu, ili fundo liishikilie isichomoke. Mtu aliyefunga lile fundo alikuwa amefikiria upepo.

Kamera moja niliifunga juu ya pezi la mkia, ikitazama mbele, na kamba ya pili ya usalama kama itachomoka. Nyingine ilikaa ndani, ikitazama kipima kasi. Kapteni angesoma kasi kwa sauti na kupiga makofi mara moja mwanzoni, ili baadaye niunganishe picha mbili zilingane. Hii ni kazi yangu ya kila siku, harusi na ruracio. Sikuwahi kudhani ingefika hapa.

Niliomba kupanda. Kapteni alinitazama kama nimeomba kuazima mswaki wake. Ndege ya majaribio hubeba mtu mmoja, basi.

Waliruka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Naandika "waliruka" kwa mazoea, alikuwa peke yake. Asubuhi kwa sababu Kibwezi iko takriban mita 900 juu ya bahari, na ikifika saa saba mchana, joto la digrii 33, hewa inakuwa nyepesi kama ile ambayo vitabu vya marubani huipa mahali pa karibu mita 1,800. Injini inachoka, propela inakosa cha kung'ata, ndege inakula murram nyingi kabla ya kuinuka. Asubuhi hewa ni nzito na imetulia. Milima ya Chyulu ilikuwa bado na wingu kichwani. Ndege ilipita mbele yetu na nyuzi zake zote zimelala, ikainuka, ikaelekea mashariki, upande wa Athi na tambarare ya Yatta, mahali ambapo hakuna nyumba za watu.

Nilidhani Nau angetazama juu. Hakutazama. Aliingia kibandani akaanza kupanga ribiti kwa ukubwa, na kila mlio wa injini ulipobadilika mikono yake ilisimama. Nikagundua kwamba katika miaka kumi na miwili hii nilikuwa nimefikiria kuhusu ploti, kuhusu Mwaitu, kuhusu aibu, na sikuwahi hata siku moja kufikiria kwamba yeye pia anaogopa. Manze, kuna mtu pale juu ameketi ndani ya hesabu zako.

Dakika arobaini na tatu. Nilihesabu.

Kapteni alitua kwa kasi kubwa, akatumia karibu uwanja wote, akazima, akashuka. "Imetikisika tena. Niletee hiyo kompyuta."

Tulitazama sote wanne, laptopu juu ya pipa la mafuta. Kwa kilomita 130 ilikuwa ni kitu cha kupendeza: nyuzi zote zimelala, nyeusi na nyekundu, kama nywele zilizotoka kuchanwa. 120, vile vile. 110. Sauti ya Kapteni inasoma namba bila haraka. Kwa 100, nyuzi tatu nne nyeusi, kwenye kona ambapo bawa linakutana na mwili, upande wa nyuma, zikaanza kutetemeka. Zingine zote zimetulia. 97, zinajizungusha. 95, na hapo ndipo Kapteni anasikika akisema "sasa," picha yenyewe inaanza kucheza kwa sababu kamera iko kwenye mkia, na nyuzi za kona zinageuka zote kwa pamoja, zinatazama mbele.

Hakuna aliyeongea. Nau akarudisha nyuma, akacheza tena. Akarudisha tena. Bawa lote lilikuwa zima, kazi safi ya mikono yake. Ni ile kona tu, sehemu unayoweza kuifunika kwa sinia.

"Mchoro unasema nini hapo?" Kapteni akauliza.

Mchoro ulisema kuna kipande. Kipande kilichopinda, kinachojaza ile kona polepole ili hewa isijikute imebanwa kati ya kuta mbili zinazoachana ghafla. Si jambo geni. Miaka ya 1930 mwanasayansi Theodore von Kármán na wenzake wa California walilishughulikia sana kwa majaribio, na hadi leo Wafaransa huita kipande hicho karman. Kwenye ndege ya Nau hakikuwepo. Palikuwa na bati bapa lililokatwa kwa pembe na kuzibwa kwa silikoni.

"Nilidhani ni urembo," Nau akasema.

Tulilitoa lile bati alasiri. Yeye alitoboa ribiti, mimi nikashikilia. Na lilipobanduka, nikaona upande wa ndani tarehe, kwa kalamu nyeusi ya wino mzito. Nau huandika tarehe kwa kila kipande anachofunga, tabia ya miaka ya pampu. 19/8/19.

Tarehe hiyo naijua. Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 2019 tulimzika nyanya, mama yake Nau. Baada ya chakula, wajomba na amu wakiwa wameketi kwenye viti vya hema, mtu alitaja ndege, na mimi, miaka ishirini na mbili, nimetoka Nairobi na maneno mengi, nikasema: "Nau, hiyo kitu yako itaruka lini, ama nayo tutaizika?" Watu walicheka sana. Hata yeye alicheka. Jumatatu yake akaingia kibandani, na kwenye grupu ya familia ya WhatsApp wiki hiyo akatuma picha: mwili wa ndege umekamilika. Naikumbuka ile picha. Niliiwekea kidole gumba.

Kipande kilichopinda pande mbili kingemchukua miezi, au pesa ambazo hakuwa nazo. Bati bapa lilichukua siku moja.

Sijui kama aliniona nikisoma. Alilichukua lile bati mkononi mwangu, akalitazama ndani, akalitazama nje, akalitupa kwenye pipa la chakavu. "Leta tochi," akasema, "tuone hapo chini hakuna kutu." Nikaleta tochi.

Nilitaka kusema kitu. Nimekitafuta tangu siku hiyo na nilichopata ni kwamba niliomba likizo ya wiki mbili, nikaghairi harusi moja ya Thika, nikabaki.

Kona mpya haikutengenezwa na alumini. Kijana mmoja wa Emali, anayetengeneza bampa za matatu kwa faiba, alikuja na ndoo ya rezini na tabasamu la mtu asiyeogopa mikunjo. Nau alichonga umbo kwa sponji ngumu kufuata mchoro, akasugua kwa msasa siku tatu, akipitisha kiganja akiwa amefumba macho. Kila alipohisi tuta, alirudia. Yule wa Emali akalaza faiba juu. Zilipokauka zilikuwa nyepesi, laini, na kusema kweli zilikuwa urembo pia.

Tulirudisha nyuzi. Kapteni akapanda tena, asubuhi ileile, mawingu yaleyale. Nau alikaa nje safari hii, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakutazama juu, lakini alikaa nje.

Kwenye picha mpya, 95 ilipita na nyuzi zimelala. 90. 85. Nilijikuta nimeshika mkono wa kijana wa kazi. Kwa 78 zile za kona zikaanza kutetemeka, chache, na kwa 73 bawa likaacha, pua ikashuka, Kapteni akairudisha kama anayerudisha kikombe mezani.

Nau alikunja uso. "Hiyo ya 78 bado ipo. Naweza kuongeza mkunjo kidogo."

"Usiguse," Kapteni akasema. "Sitaki itulie kabisa. Nataka ibishe hodi kabla ya kuingia."

Tulibandua nyuzi jioni, moja moja. Nyingi zilikuwa zimechakaa ncha, zile za kona zilikuwa zimesokotana kama nywele za mtoto aliyeamka. Kila moja nilitoa selotepu, nikaweka kwenye kiondo. Nau aliniomba nimpe moja ya kona. Nikampa. Akaitia mfukoni mwa shati, akasema nisisahau kumwambia mwenye uzi asante, halafu akasema, hapana, atapiga simu mwenyewe. Sijui kama amepiga.

Mwaitu alipokea kiondo, akakimwaga kwenye kanga, akaanza kuhesabu. Sikuamini. Alizihesabu kwa mafungu ya kumi, kama alivyonipa, akinyoosha zilizopinda kwa ukucha.

"Yeye mwenyewe amepanda?" akauliza bila kuinua macho.

"Bado. Kapteni amesema mwezi wa nne, ikifikisha saa za kutosha."

Akaendelea kuhesabu hadi mwisho.

"Hizi ni mia na tisini na tano."

Nikamwambia moja iko na Nau. Akaliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Na nne?"

"Nne zilichomoka kule juu, karibu na mto."

"Upande wa Makueni," Mwaitu akasema, "ama upande wa huku?"